Mkalimani wa Kibara

Bweri, Musoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Dada Mwanaidi, na najua hatasogea mstari mmoja mpaka uitikie, kwa hiyo itikia, Mama, nami huku nitachukulia kwamba nimeisikia marahaba yako. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au imeishia kwenye goti la dereva? Na michungwa ya nyuma ya nyumba imebeba mwaka huu, au imegoma tena? Nauliza mengi kwa mpigo kwa sababu ni muda mrefu sijakuuliza chochote kwa mdomo wangu, na hilo ndilo lililonikalisha hapa niandike.

Mimi nakula, nalala, natembea. Huku Bweri nyumba mpya zinachipua kila upande, na njia niliyopita jana na bodaboda leo naikuta ina msingi wa mtu katikati. Mzee Kassimu, fundi seremala ninayepanga kwake, bado ananiita mtu wa machungwa, kwa ajili ya Muheza yetu. Nimezoea hata furu, wale samaki wadogo wenye miiba mingi ambao nilipofika niliwaona ni adhabu. Ungeniona ninavyowatafuna sasa ungesema mwanangu kashalowea.

Dada Mwanaidi, kabla hujaendelea nina ombi. Soma kama ilivyoandikwa. Ukifika mahali pazito usiruke, wala usiongeze maneno ya kumbembeleza Mama. Huko mbele utaona kwa nini nasisitiza.

Mama, nimepata habari kwamba unawaambia watu Rajabu amekukasirikia. Kwamba ukinipigia simu naikata, halafu nakutumia ujumbe mfupi mkavu kama wa karani wa mahakama. Kwamba labda nimeoa huku kimyakimya na mke amenipiga marufuku. Sijaoa. Ningeoa ungejua tu, maana watu wa huku wangekuja kukuona na kelele yao ungeisikia tangu stendi.

Na sijakukasirikia. Mama, sina sauti.

Ule uvimbe wa shingoni, ule uliouona nilipokuja Idi ukasema ni tezi la ukoo wa baba, ulikua. Nilifanyiwa upasuaji. Daktari alinieleza mapema bila kunificha: uvimbe ulikuwa umeuzunguka mshipa unaoendesha sauti, na hapakuwa na njia ya kuutoa uvimbe na kuuacha mshipa salama. Nikatia sahihi. Nilipozinduka niliomba maji, na muuguzi aliyekuwa karibu kabisa na kitanda akaendelea kukunja mashuka. Nikaomba tena. Hapo ndipo nilipojua. Wamenipima mara nyingi tangu siku ile, na wanachosema ni kwamba kilichobaki ndicho hicho. Kilichobaki ni mnong'ono, wa kusikika na mtu akiniwekea sikio karibu na mdomo. Kwenye simu hausikiki kabisa. Nimejaribu na watu wa hapa, wanasema wanasikia upepo.

Kwa nini nilikuficha? Unajua kwa nini. Tangu Baba alipofariki, kila nilipokupigia ulikuwa unaniambia, "Sema tena, Rajabu, sema chochote, namsikia marehemu." Dada aliwahi kunieleza kwamba ukishika simu unafumba macho. Watu wote wa Muheza wanasema nilirithi koo la Baba. Ulimzika mara moja, nikaogopa kukuzikisha tena. Nikaona bora unifikirie nina hasira. Hasira huisha. Nililia sana, Mama, na kulia bila sauti ni kitu kibaya, hata mwenyewe hujisikii.

Sasa nikueleze habari za kazi, maana zote zimeshikana.

Majirani zako huuliza ni kazi gani hiyo ya kumfundisha mtu kuongea wakati kila mtu anaongea. Wangekuja hapa chuoni wangeona. Vijana hawa wanasomea ualimu, wanatoka Bunda, Butiama, Tarime na visiwani. Nyumbani wanazungumza Kijita, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya. Kiswahili wamekikuta shuleni, halafu debeti wanadaiwa Kiingereza. Mtu anafika mbele ya watu akiwa na lugha tatu na hana hata moja ya kujisemea. Basi anakariri. Akisimama utasikia, "Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa mkuu wa chuo, waheshimiwa wakufunzi, itifaki imezingatiwa," na mgeni rasmi mwenyewe hayupo, tupo sisi na kuku wa mpishi. Kazi yangu ni kuwafundisha kusimama, kupumua, kuwatazama watu na kusema jambo walilo nalo moyoni. Atakayeshindwa hilo atakwenda kuwa mwalimu wa kusoma daftari kwa sauti mpaka astaafu.

Na njia yangu ya kufundisha ilikuwa sauti yangu. Nilisimama nikawaonyesha: sema hivi. Nao walisema hivyo hivyo, mpaka kikohozi changu cha kusafisha koo walikuwa wanakikohoa. Nilikuwa naona fahari. Jambo moja tu niliwakataza, kugonga kipaza sauti kwa kidole kabla ya kusema. Niliwaambia ni ushamba. Unajua nilimfikiria nani nilipokuwa nawakataza. Wewe ndiye uliyekuwa unamgombeza Baba kila asubuhi anapofunga kipaza sauti chake kwenye baiskeli na kukigonga, to, to, to, kabla hajatangaza msiba wa mtu au harusi ya mtu.

Niliporudi kutoka hospitali niliingia darasani na chaki. Nikaandika ubaoni kwamba nimerudi ila sauti haikurudi nami. Walionionea huruma walikuwa wa mbele. Wa nyuma hawakuwa wabaya, lakini mtu hawezi kuusikiliza mgongo unaoandika, wakaanza mazungumzo yao. Nikageuka nikagonga meza. Wakanyamaza kidogo, wakaendelea. Mama, nimesimama mbele ya watu tangu nina umri wa kushika kalamu na sijawahi kujiona mdogo kama siku ile.

Ndipo akainuka msichana wa kutoka Kibara, kule Bunda kando ya ziwa, anaitwa Nyangeta. Mrefu, mpole, hajawahi kunyoosha mkono wake darasani. Alikuja mbele bila kuitwa, akasimama nyuma yangu nusu hatua, akainamisha sikio lake karibu na mdomo wangu.

"Sema tu, Mwalimu," alisema. "Mi nitatoa."

Nikanong'ona, "Nimerudi, lakini sauti yangu haikurudi nami." Naye akalitoa kwa sauti kubwa, safi, iliyofika mpaka kwa wale wa nyuma, "Nimerudi, lakini sauti yangu haikurudi nami." Hakusema Mwalimu amesema. Alisema kama ni yeye aliyetoka kulazwa. Wa nyuma wakaacha mazungumzo yao. Nikaendelea kunong'ona, akaendelea kutoa. Nilipoinua mkono aliinua wake. Nilipokunja uso niliuona umekunjwa pembeni yangu.

Baada ya kipindi nilimuuliza amejifunza wapi.

"Kanisani kwetu," alisema. "Baba ni mkalimani. Mhubiri akija kutoka mjini anasemaga Kiswahili, na pale wazee wengi wanasikiaga Kijita tu. Sasa baba anasimama nyuma yake anageuza. Alipougua kifua nikasimama mi. Nilikuwaga mdogo, walikuwa wananisimamisha juu ya benchi."

Akanieleza sheria zake, nami nikazisikiliza kama mwanafunzi. Mkalimani haongezi. Mkalimani hapunguzi. Mhubiri akilia, mkalimani analia naye. Mhubiri akisema mimi ni mwenye dhambi, mkalimani naye ni mwenye dhambi, hata kama hajafanya kitu. Na mkalimani hawatazami watu kabla mhubiri hajawatazama. Baba yake amemlea hivyo, na Kibara nzima inajua kwamba neno likipita kwa familia ile linafika zima.

Basi tukafundisha hivyo, mimi na yeye, na wanafunzi wakazoea upesi kuliko nilivyozoea mimi. Mara ya kwanza nilipomsikia anasema, "Nilipokuwa mtoto kwetu Muheza," nywele zilinisimama. Wenzake wakaanza kumtania barabarani, "Shikamoo Mwalimu Rajabu," naye akicheka tu.

Sasa sikia kilichotokea. Niliwapa wote jaribio: kila mmoja asimame aeleze siku asiyoisahau. Alama za jaribio lile ndizo zinazomruhusu mwanafunzi kwenda kufundisha shuleni kwa mazoezi, na asiyekwenda hamalizi chuo. Ili waone mfano niliwasimulia yangu, kwa mdomo wa Nyangeta. Niliwasimulia ile siku niliyopotea sokoni. Unaikumbuka. Nilikuwa mdogo, nikapanda kwenye lori la machungwa nikalala chini ya turubai, na Baba akazunguka Muheza yote na baiskeli akitangaza mtoto wake mwenyewe aliyepotea. Alitangaza mpaka sauti ikamkauka kabisa. Ilipokauka hakuacha. Aliendelea kuzunguka akigonga kipaza sauti kwa kidole, to, to, to, na mimi nikaamka chini ya turubai nikakijua kile kidole. Nikatoka.

Nyangeta aliyatoa yote, hakuacha kitu. Hata kugonga aligonga meza kama nilivyogonga.

Siku ya jaribio ikafika. Wenzake wakasimama, wengine vizuri, wengine na itifaki zao. Zamu yake ilipofika alikuja mbele akasimama pale pale anaposimamaga, pembeni, nusu hatua nyuma ya mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nami nimezoea kusema hivyo sasa, anaposimamaga, utanisamehe. Akageuza uso upande wangu kungojea neno. Mimi nilikuwa nimekaa huku nyuma kabisa na karatasi ya alama. Akafungua mdomo, akafunga. Halafu akaanza, na sauti ile ile kubwa na safi, "Siku nisiyoisahau ni siku niliyopotea sokoni Muheza. Baba yangu alikuwa mpiga mbiu."

Wakacheka. Mmoja akamuuliza, "Muheza umefika lini, wewe?" Yeye akaendelea, hakuweza kukoma, akafika kwenye turubai, akafika kwenye kidole, akagonga meza. Ndipo akawatazama wanaocheka, akaelewa alichofanya. Mama, hakudanganya. Alisimama mbele ya watu kama alivyosimama maisha yake yote, akafungua mdomo kutoa neno lililokuwemo, na lililokuwemo lilikuwa langu.

Alilia palepale mbele. Na mimi nikuambie ukweli, ningekuwa na sauti ningemwokoa. Ningesema kutoka nyuma, "Nyangeta, sema hivi, nilizaliwa Kibara," naye angesema nilizaliwa Kibara, ningeendelea kumlisha mpaka mwisho, na ningempa alama, na angekwenda zake. Nilinong'ona kweli. Mnong'ono haukufika hata kwa aliyekaa mbele yangu. Basi nikakaa. Nikaweka kalamu chini nikamtazama na kungoja. Darasa liliacha kucheka, likaona aibu. Alilia akamaliza, akafuta uso, na nilikuwa bado nangoja. Hakusema kitu siku ile. Alirudi kukaa. Sikuweza kumpa alama.

Kesho yake alikuja kama kawaida, akasimama nyuma yangu, akainamisha sikio.

Haukupita muda mrefu nikaitwa kwenye kikao cha wakufunzi. Mkuu wetu wa chuo, Madam Bhoke, si mtu mbaya. Nilipokuwa hospitali alikuja kuniona na uji kwenye chupa. Nilikwenda na Nyangeta, maana bila yeye ningekuwa kama kiti kimeletwa kikaoni.

"Mwalimu, sisi tunakupendaga, hilo unalijua," Madam alianza. "Lakini wakaguzi wakija wakikuta mwalimu wa kuongea haongei, mi nitawaambia nini? Tumekaa tukaona uhamie maktaba. Kule hakuna wa kukuongelesha, utapumzika. Cheo chako hakiguswi."

Nilikuwa nimelitarajia. Nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo, na nimechoka, Mama. Nikamnong'oneza Nyangeta, "Nashukuru. Nakubali."

Kimya. Nikadhani hakusikia. Nikarudia kwa ukali, ukali wa mtu asiye na sauti, ambao ni mate tu. Bado kimya. Halafu akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. Alitoka nyuma yangu, akaja mbele nusu hatua, akawa sambamba nami, akawatazama watu kabla sijawatazama mimi.

"Mwalimu amesema anashukuru, na amesema anakubali," alisema. "Hayo ni ya kwake, nimeyatoa yote. Sasa naomba niseme ya kwangu."

Sauti ilikuwa ndogo, inatetemeka. Nilikuwa siijui sauti hiyo.

"Mi naitwa Nyangeta. Kwetu Kibara. Nimekuwa mkalimani tangu mdogo, nimesemaga maneno ya watu wengi, ya kwangu sijawahi. Shule zote nilizosoma, mwalimu akiuliza, nikichelewa ananiwekea jibu mdomoni, narudisha vilevile. Debeti ilikuwaga hivyo, paredi hivyo. Hata huyu Mwalimu alipokuwa na sauti, alikuwa anasema sema hivi, tunasema hivyo. Tulikuwa tunakohoa kikohozi chake." Mkufunzi mmoja akacheka, akajizuia. "Siku ile nilimsimulia baba yake nikasema ni wangu. Watu wakanicheka. Yeye hakunipa neno. Hakuwa nalo la kunipa. Alikaa akanisubiri. Nimelia mpaka nimemaliza, bado ananisubiri. Mi hakuna mtu ameshanisubiriaga."

Akamgeukia Madam.

"Kule maktaba kuna vitabu. Vitabu havina shida ya kusubiriwa. Sisi tunayo."

Madam Bhoke alivua miwani akaifuta, akaivaa, akamtazama.

"Mkalimani," alisema, "umeongeza."

"Ndiyo, Madam. Nimeongeza."

Usifikiri nilifurahi. Nilikasirika. Nilikuwa nimeshaamua jambo langu, jambo la heshima, na mtoto wa watu amelivuruga mbele ya wakubwa wangu, na hata kumkemea siwezi mpaka yeye mwenyewe anikopeshe mdomo wa kumkemea. Tulipotoka nje nilimvuta kando, nikamnong'oneza, "Ulisikia nilichokuambia useme?"

"Nilisikia, Mwalimu. Nilikitoa chote. Sikupunguza."

Nilirudi Bweri kwa miguu, sikupanda boda, na njia nzima nilikuwa nabishana naye kimoyomoyo na nashindwa. Maana ni kweli, Mama. Miaka yote ile niliyosifiwa nilikuwa nafundisha watu kuwa mimi. Ilinichoma sana kujua hivyo, na inanichoma mpaka sasa.

Uamuzi wa kikao ni kwamba nibaki darasani mpaka darasa hili limalize, kisha wataangalia tena. Si ushindi wa kupigia vigelegele. Ila nipo.

Nyangeta alikwenda kwao kupitia Bunda mwisho wa wiki ile, akamweleza baba yake yote, maana hawezi kumficha. Nilidhani mzee atamsifu. Hakumsifu. Alimwambia, "Ukishaongeza, wewe si mkalimani tena," na Jumapili ile akasimama mwenyewe nyuma ya mhubiri, na kifua chake kile kibovu, binti akakaa na watu wengine. Aliniambia hivyo huku anatazama chini. Kisha akasema baba yake alimuuliza jioni, wakati wa kula, "Sasa wewe una maneno gani?" Akasema hawajawahi kuzungumza kwa muda mrefu vile.

Alifanya jaribio lake upya. Alieleza siku hiyo aliyokaa kwenye benchi kanisani na kumsikia baba yake anakohoa katikati ya maneno ya mtu mwingine, naye hana ruhusa ya kuinuka. Alieleza kidogo kidogo, akikwama na kuanza tena, na alisimama katikati, si pembeni. Nilimpa alama zake. Nilizitoa kwa haki, wala si kwa kumlipa.

Juzi nilikwenda Butiama kumkagua kwenye mazoezi. Ni shule ya msingi nje kidogo ya mji, ng'ombe wanapita nyuma ya madarasa na kengele zao. Nilikaa nyuma kabisa. Aliwauliza watoto swali, akamwinua kitoto kimoja cha kike chenye sweta kubwa. Kikasimama, kikashika dawati, kikanyamaza. Wenzake wakaanza, "Mwalimu, mi! Mwalimu, mi!" Nyangeta akawatuliza kwa mkono. Hakukiwekea neno mdomoni. Alishusha chaki akakitazama na kungoja, na ng'ombe wakapita wote, na bado anangoja. Mwisho kikasema. Kilisema kwa sauti ya chini na kilikosea. Lakini kilisema kitu chake. Mama, nilitoka nje nikajifanya naangalia simu.

Siku hizi wanapokuwa chuoni Nyangeta hanisemei peke yake, wanapokezana darasa zima, na kila mmoja akimaliza kunisemea ni lazima aseme na lake. Dada alinidokeza kwamba unataka nirudi Muheza nikakae karibu nawe. Nataka kuja, na nitakuja kukuona shule zikifungwa. Lakini naomba radhi yako nibaki kazini huku muda wote watakaonikubali. Ukisema hapana, nitarudi. Sijaandika hivyo kwa adabu tu, nitarudi kweli.

Nyangeta alipojua nina mama ambaye hajasikia habari hii, aliniambia, "Nipe namba, Mwalimu. Nitampigia. Nitasema shikamoo Mama, ni mimi Rajabu." Angeweza. Angelia mahali pa kulia na kucheka mahali pa kucheka, na asingepunguza neno. Nilimkatalia. Inatosha ulisikie hili kwa mdomo wa Dada, ambaye tumenyonya ziwa moja.

Nisalimie Mjomba Saidi wa mashine ya kusaga, mwambie namkumbuka na kelele zake. Nisalimie Shangazi Mwanahawa, na umweleze wewe kuhusu hili tezi, aende akapimwe mapema, asingoje kama mimi. Nisalimie Bibi Zaina jirani, na wapwa zangu wote, hasa yule anayejifanya haniogopi. Mzee Kassimu na mkewe wanakusalimu, wameniuliza kama mama yake mtu wa machungwa naye ni mwembamba hivi.

Dada Mwanaidi, umesoma vizuri. Ahsante. Kama umelia ni sawa, sheria inaruhusu. Sasa kunja karatasi, unipigie, halafu umpe Mama simu na utoke nje.

Mama, mimi nitapokea. Usiseme "haloo, haloo" ukakata. Utasikia upepo, ndio mimi. Halafu nitagonga simu kwa kidole. Siku sauti ya Baba ilipokauka alinipata hivyo, na wewe ulikuwa umesimama barazani unamsikia akipita. Fumba macho yako kama ulivyozoea, usikilize to, to, to. Ukishatujua, uanze kuzungumza. Sema unachotaka, hata ukikaa kimya kwanza. Nitasubiri.

Mwanao,
Rajabu